Jua Lililofika Meza ya Pili: Uchambuzi wa Kisa cha Mashindano ya Roboti ya Wanafunzi

Saa nane na dakika 28 mchana, katika mechi ya tisa ya raundi ya tatu na ya mwisho, roboti ya timu iliyokuwa ikiongoza iliufuata mstari mweusi kwa urefu wa kama dhiraa moja, ikasita, ikakata kona upande usio na kitu, kisha ikaanza kuzunguka mahali pamoja kama pia. Wanafunzi wawili waliosimama mezani waliiacha izunguke kwa sekunde kadhaa, kwa kuwa kuigusa ikiwa nje ya kituo chake kungewapunguzia alama, hatimaye mmoja wao akainyanyua. Saa ilipolia walikuwa wamepata chini ya nusu ya alama walizozipata asubuhi. Nilitakiwa kutoa uamuzi, nikautoa papo hapo: matokeo yanabaki. Dakika 40 baadaye niliutengua mbele ya ukumbi mzima. Uchambuzi huu unahusu maamuzi hayo mawili, na zaidi unahusu sababu iliyofanya yote mawili yatolewe na mtu mmoja ambaye hakupaswa kutoa hata moja.

Mtu huyo ni mimi. Nilijitolea kuwa mratibu katika kikao ambacho aliyekuwa akiifanya kazi hiyo alitangaza kwamba hataweza kuendelea, watu wote wakainamisha vichwa kwenye simu zao, nami nikawa nimechelewa kuinamisha changu. Nilidhani kazi yenyewe ni meza, viti, vikombe na barua za mwaliko. Ni kweli kwamba mambo hayo yalikula sehemu kubwa ya miezi mitatu ya maandalizi, lakini hakuna hata moja kati ya hayo lililotuletea tatizo siku yenyewe, kwa hiyo sitayarudia.

Mashindano yalikuwa ya timu 24, na kanuni zake tuliziandika kwa kuufuata mfumo wa FIRST LEGO League, mashindano ya kimataifa ya roboti za LEGO kwa wanafunzi, ambao wasomaji wengi wanaoshughulika na roboti za shuleni wanaufahamu. Roboti hukimbia juu ya mkeka uliotandikwa kwenye meza yenye kuta fupi, kwa dakika mbili na nusu, bila kuongozwa kwa rimoti. Kila timu hupewa mechi tatu na huhesabiwa alama ya juu kuliko zote. Pembeni ya mechi kuna vyumba vya majaji, ambamo wanafunzi hueleza jinsi walivyoijenga roboti yao na mradi waliouandaa. Tulikuwa na meza mbili zilizotumika kwa wakati mmoja, kila moja na timu yake, katika ukumbi mkubwa wa shule wenye madirisha marefu pande mbili, mashariki na magharibi. Meza ya pili ndiyo iliyokuwa karibu na magharibi. Madirisha hayo niliyaona siku ya kwanza nilipokwenda kuukagua ukumbi, nikafurahi kwamba hatutakosa hewa.

Hesabu ya ratiba ilikuwa rahisi, na urahisi wake ndio ulionidanganya. Timu 24 mara raundi tatu ni mikimbio 72, na kwa meza mbili hiyo ni mechi 36. Niliipa kila mechi dakika tano, yaani dakika mbili na nusu za roboti na nyingine kama hizo za kuhesabu alama na kuvirudisha vifaa mahali pake juu ya mkeka. Kipimo hicho nilikipata jioni moja kwa kuwajaribu marefa wenyewe, watu wazima wanne wanaoijua meza kama wanavyozijua nyumba zao, nao walimaliza kupanga kabla dakika mbili hazijatimia. Nilichosahau ni kwamba siku ya mashindano refa hahesabu alama peke yake. Huipitia karatasi ya alama kipengele kwa kipengele pamoja na wanafunzi, nao wana haki ya kuuliza kwa nini kifaa kile kimehesabiwa kuwa kimegusa mstari na kile hakijagusa, na hakuna anayeanza kuvipanga vifaa upya kabla hawajakubaliana, kwa sababu meza ikishaguswa ushahidi umekwisha. Kazi hiyo ilichukua dakika nne. Kila mechi ikazidi muda wake kwa dakika moja na nusu. Ni kidogo kiasi kwamba asubuhi nzima hakuna aliyelalamika, lakini baada ya mechi 24 tulikuwa nyuma kwa dakika 36, na raundi ya tatu iliyopaswa kuanza saa saba kamili ikaanza saa saba na dakika 36.

Kama ratiba ingeshikwa, mechi ya tisa ya raundi hiyo ingeanza saa saba na dakika 40, wakati ambapo jua bado lilikuwa juu ya paa. Kuanzia kama saa nane na dakika 20 liliteremka kiasi cha kupenya kwenye madirisha ya magharibi, na kipande cha mwanga kikaanza kutambaa juu ya mkeka wa meza ya pili. Meza ya kwanza ilibaki kivulini.

Kwa asiyefanya kazi na roboti hizi, yafaa kueleza kwa nini kipande cha mwanga ni jambo zito. Kihisi cha rangi kilichofungwa chini ya roboti humulika mkeka kwa taa yake ndogo na kupima mwanga unaorudi, kisha hutoa namba kati ya 0 na 100: juu ya rangi nyeusi namba huwa ndogo, juu ya nyeupe huwa kubwa. Wanafunzi huchukua namba hizo mbili na kutafuta ya katikati, ambayo ndiyo kizingiti. Programu huiambia roboti igeukie upande mmoja kila isomapo chini ya kizingiti na upande mwingine kila isomapo juu yake, na kwa kuyumbayumba huko ukingo wa mstari hufuatwa. Timu iliyolalamika ilikuwa imeandika katika daftari lake: nyeusi 8, nyeupe 74, kizingiti 41. Mwanga mkali wa jua ukiongezeka juu ya ule wa taa ya kihisi, namba zote hupanda. Palipo na jua, mstari mweusi ulisomeka 46. Kwa hesabu ya roboti, basi, mstari ulikuwa umefutika, na pande zote palikuwa peupe. Roboti haikuharibika hata kidogo. Ilitii maagizo yake mpaka mwisho.

Sasa nirudi kwenye suala la nani alikuwa wapi, kwa sababu ndipo kosa lenyewe lilipolala. Kazi za siku ile zilihitaji watu 20 wa kujitolea bila kunihesabu mimi: refa mkuu na marefa wanne, majaji sita, watunza alama wawili, mtunza muda, wapanga foleni wawili, wa mapokezi wawili, mshereheshaji mmoja, na fundi mmoja wa meza. Walioahidi kuja walikuwa wengi zaidi. Waliofika ni 17. Hawakuonekana refa mkuu, jaji mmoja na mpanga foleni mmoja. Saa moja na nusu asubuhi, timu zikiwa tayari zinaingia na masanduku yao, niliziba mapengo kwa dakika tano nikajiona hodari. Mmoja wa mapokezi nilimhamishia kwenye foleni. Fundi wa meza, ambaye anajua kuzungumza na watoto, nilimpeleka chumba cha majaji. Kofia ya refa mkuu nikaivaa mwenyewe juu ya ile ya mratibu.

Nilipoyatazama baadaye, mabadiliko mawili ya mwisho ndiyo yaliyozaa kisa chote. Fundi wa meza alikuwa na orodha yake ya ukaguzi, na miongoni mwa yaliyoandikwa humo ni kuzipitia meza zote mbili kwa kihisi kabla ya kila raundi na kulinganisha namba. Orodha hiyo ilibaki mfukoni mwake, ndani ya chumba kilichofungwa mlango, huku akimsikiliza mtoto anayeeleza mradi wake. Nilikuwa nimeiona kazi yake kuwa ya ziada kwa sababu akiifanya vizuri hakuna kinachotokea. Ama mimi, mratibu nilitaka siku iende mbele, na refa mkuu alipaswa kuwa tayari kuisimamisha. Mambo hayo mawili hayawezi kukaa katika kichwa kimoja ilhali ratiba iko nyuma kwa karibu saa nzima.

Yaliyosemwa mezani baada ya mechi ya tisa nayakumbuka vizuri. Mwalimu mlezi wa timu alivuka kamba, akaja moja kwa moja hadi niliposimama. "Mratibu, naomba uje uione hii meza." Nilimjibu, "Mwalimu, saa imekwisha na alama zimehesabiwa. Hitilafu ya roboti haina marudio, kanuni unazijua." Kwa namna fulani nilifarijika kwamba aliyekuja ni yeye, kwa kuwa kanuni zetu zinasema mazungumzo na refa ni ya wanafunzi, watu wazima wakae nyuma ya kamba, hivyo nilikuwa na sababu halali ya kuyakata mazungumzo. Pembeni yake alisimama binti wa timu hiyo, daftari mkononi, akasema kwa sauti ya chini, "Samahani mwalimu, kule meza ya kwanza nyeusi inasoma nane. Hapa inasoma arobaini na sita." Nilimsikia, naye ndiye aliyekuwa na haki ya kusema, tena alikuwa amekuja na kipimo. Nami nilikuwa natazama saa ya ukutani. Nikaita mechi ya kumi.

Zikafuata ya kumi, ya 11 na ya 12. Kwa hiyo timu tano zilicheza kwenye meza ya pili wakati jua limeifikia, kuanzia mechi ya nane. Mechi zilipokwisha, karibu saa tisa kasoro dakika tano, fundi alitoka chumba cha majaji, akatazama meza, akaenda kuchukua kihisi. Alirudi na namba zile zile za yule binti. Kufunika madirisha kulichukua dakika nne, kwa kitambaa cha meza ya vikombe na selotepu. Kilichobaki kilikuwa kuamua haki ya timu hizo tano, na hilo lilitumaliza nguvu.

Refa mmoja alipinga marudio kwa hoja ambayo sikuidharau wakati ule wala siidharau sasa. Kanuni za mashindano ya aina hii huwaonya wanafunzi mapema kwamba mwanga hutofautiana ukumbi hadi ukumbi, meza hazilingani kwa usahihi kamili, na mkeka unaweza kuwa na mkunjo, na kwamba roboti nzuri ni ile iliyojengwa kustahimili tofauti hizo. Timu mbili kati ya hizo tano zilikuwa zimefanya hivyo hasa: roboti zao hazikutegemea mstari, zilijielekeza kwa kuhesabu mizunguko ya magurudumu na kujinyoosha kwenye ukuta wa meza, nazo zilipata alama zao za juu kabisa zikiwa juani. Kuwapa wengine marudio, alisema, ni kuwaadhibu wenye busara.

Nilikubaliana naye nusu. Tofauti ya ukumbi na ukumbi ni mzigo wa timu, kwa sababu kila timu inaikuta sawa na mwenzake na inapata nafasi ya kupima kizingiti upya inapofika. Lakini mwanga uliohamia katikati ya raundi, juu ya meza moja na kuiacha nyingine, ni hali ya uwanja, na mwenye uwanja ni mwandaaji. Kanuni zetu zilikuwa na kifungu cha kila upande: hitilafu ya roboti haina marudio, hitilafu ya uwanja inayo. Mimi nilikuwa nimekumbuka kile kilichoniwezesha kuita mechi inayofuata. Isitoshe, timu haikuwa na njia ya kujikinga, maana kati ya kuitwa mezani na saa kuanza hakukuwa na muda wa kupima chochote. Mashindano ya kimataifa ya roboti ya World Robot Olympiad, yaliyoanza mwaka 2004, yana utaratibu ninaouona wa haki zaidi katika jambo hili: kabla ya raundi timu hupewa muda wa kufanya mazoezi na kupima kwenye meza za mashindano, kisha roboti zote huwekwa chini ya ulinzi wa majaji na kukaguliwa. Sisi tulitoa muda wa kupima mara moja tu, saa mbili asubuhi.

Njia zilizokuwa mbele yetu zilikuwa nne. Kuyaacha matokeo kungekuwa rahisi, na pengine hakuna ambaye angetulaumu isipokuwa timu moja. Kuifuta raundi yote ya tatu kungezipokonya timu 24 jasho lao ili kuzihurumia tano. Kuirudia mechi ya timu iliyolalamika peke yake ndiko nilikovutwa kwanza, na nashukuru fundi aliuliza swali moja: hizo nyingine nne zimekosa nini, kunyamaza? Basi tukachagua ya nne. Timu zote tano ziliitwa, zikaelezwa, na kila moja ikatakiwa kuamua kabla ya kukimbia kama inataka marudio au haitaki, kwa sharti kwamba ikikubali, alama mpya itachukua nafasi ya ile ya raundi ya tatu, iwe juu au chini. Sharti hilo lilikuwa la lazima. Bila hilo tungekuwa tunagawa mechi ya nne.

Timu mbili za magurudumu zilikataa, kama ilivyotarajiwa. Tatu zilikubali. Moja haikubadilika nafasi. Ile iliyolalamika iliongeza alama lakini haikurudi kileleni, kwa kuwa timu nyingine ilikwisha kuipita kwenye meza ya kwanza, ikamaliza ya pili. Iliyobaki, ambayo ilicheza mechi ya 11, ikapata matokeo mabaya, ikakusanya vitu vyake bila kusema neno, ilitoka nafasi ya saba hadi ya tatu. Nafasi za kwenda hatua inayofuata zilikuwa tatu.

Hilo ndilo linalonisumbua kuliko yote katika kisa hiki. Kama yule binti asingepima, au mwalimu wake asingekuwa mtu wa kuvuka kamba, timu ya mechi ya 11 ingerudi kwao ikiamini kwamba programu yao ni mbovu, na labda wangekaa wiki nzima kuitafuta kasoro isiyokuwepo. Katika mashindano haya kuna dhana iliyoenezwa na Woodie Flowers, profesa wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani aliyekuwa pamoja na Dean Kamen, mwanzilishi wa shirika la FIRST, katika kuyajenga mashindano ya FIRST tangu yale ya kwanza ya mwaka 1992, ambayo nayo yalikuwa ya timu 28 tu katika ukumbi wa shule. Naweza kuiita uungwana wa kitaaluma: shindana kwa nguvu zako zote huku ukimheshimu mpinzani wako. Ni dhana nzuri, na nimewahi kuwasikia waandaaji wakiitumia kuwanyamazisha watoto wanaouliza. Uungwana ule ulimtaka mwanafunzi amheshimu mpinzani, haukumtaka amfichie refa namba.

Mabadiliko tuliyoyafanya baadaye ni machache na si ya kujivunia, kwa kuwa mengi yalipaswa kuwepo tangu mwanzo. Kila mechi sasa ina dakika saba. Mratibu haruhusiwi kuwa refa wala jaji, hata akikosekana mtu. Akikosekana, chumba kimoja cha majaji kinafungwa na mahojiano yanarefushwa. Kuna mtu wa akiba asiyepangiwa kazi yoyote, na ilinichukua muda kuizoea hali ya kumwona amekaa. Rufaa huandikwa na wanafunzi wenyewe kwenye karatasi ya nusu ukurasa kabla hawajaondoka mezani, na inapohusu hali ya meza, meza hiyo husimama mpaka ipimwe. Huamuliwa na watu watatu ambao mratibu si mmoja wao. Namba za kihisi za meza zote mbili hupimwa kabla ya kila raundi na kubandikwa ukutani ambapo kila timu inaziona.

Timu iliyoteremshwa kutoka nafasi ya tatu hadi ya nne niliifuata mwenyewe kwenye eneo la maandalizi kabla matokeo hayajatangazwa, kwa sababu sikutaka waisikie habari ile kwenye kipaza sauti. Walikuwa wakikunja nyaya za chaja. Nililieleza jambo lote tangu mwanzo: jua, namba, kifungu cha kanuni, timu tano, sharti la kubadilishana alama. Mwalimu wao aliuliza kama inawezekana timu nne ziende hatua inayofuata, nikamwambia nilikwisha kuomba kwa simu nikakataliwa. Wanafunzi hawakubishana. Kijana mmoja, aliyekuwa amepakata roboti mapajani, aliyainua macho kwenye madirisha ya upande wa pili, yale ya mashariki yaliyo juu ya meza ya kwanza, akaniuliza kama asubuhi, saa tatu na nusu, raundi ya kwanza ilipoanza, kuna mtu aliipima meza hiyo. Walikuwa wamecheza mechi ya pili, meza ya kwanza, na roboti yao ilikosa mstari. Nilimwambia ukweli, kwamba hakuna aliyepima.